Fundi wa Redio Zisizotakiwa

Msumeno uliotuulia watu wengi kikosini ulikuwa wa mzee Gondo, na mzee Gondo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa seremala wa Aizu, Japani, kabla vita havijamfanya mkuu wa mafundi wa ndege. Kila Zero mpya, ndege yetu ya kivita, ilipotua Rabaul, kambi yetu ya kisiwani, kabla injini haijapoa, alipanda mgongoni mwake na kuukata ule mlingoti mfupi wa mbao uliosimama nyuma ya kioo cha rubani. Mlingoti huo ndio ulioshika waya wa redio. Marubani walimshukuru. Walisema kijiti kile kinashika upepo na kupunguza mwendo, na redio yenyewe ni kilo kumi na saba za kelele tupu, afadhali kubeba gunia la mchele.

Mzee Gondo hakupenda kutupa mbao nzuri. Alichonga vipande vile vikawa vijiti vya kulia wali, akatugawia. Vilikuwa vyepesi, laini, havina fundo hata moja. Kikosi kizima kikawa kinakata ulimi wake chenyewe na kuulia wali, na kushukuru juu yake.

Mtu mmoja tu alivikataa. Ukai Tomezo, fundi wa redio, alikula kwa vijiti vya mwanzi alivyochonga mwenyewe, vimepinda kama miguu ya kaa. Wali ulimwangukia magotini kila siku. Tulimcheka kila siku.

Ukai alikuwa mtoto wa saba wa mshona mikeka wa Gifu. Wazazi wake walimwita Tomezo, yaani basi, tumetosheka, kisha wakazaa wawili wengine. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kwamba mtu anaweza kutangaza jambo kwa sauti kubwa na asisikilizwe na yeyote. Alikuwa mfupi, na upara ulikuwa umeanza kumwingia akiwa na miaka ishirini na sita. Sauti yake ilikuwa ya mbu. Alijifunza redio kwa kufungua za majirani bila ruhusa. Jeshi lilimpeleka Rabaul mwanzoni mwa 1943 akarekebishe redio ambazo hakuna rubani aliyezitaka. Ni sawa na kuuza vitana kwa watawa walionyoa vichwa.

Sasa sikieni jinsi tulivyopigana, mniambie kama mimi ndiye mwenye wazimu. Ndege zetu ziliruka tatu tatu. Mbele kiongozi, wa pili kushoto kwake, wa tatu kulia na nyuma kidogo. Wa tatu siku zote ni mgeni, yule aliyefika juzi. Adui hutokea nyuma na juu, amelipa jua mgongo, kwa hiyo wa kwanza kumwona ni huyo wa tatu, na wa kwanza kufa ni huyo huyo. Akishaona, anasemaje? Hasemi. Anakanyaga mwendo, anampita kiongozi wake, anatikisa mabawa, anaonyesha kwa kidole. Ni kama nyumba inaungua, na adabu inakutaka uzunguke kwanza mbele ya baba mkwe, umwinamie vizuri, ndipo uonyeshe moshi.

Mwaka wa kwanza wa vita hilo halikutuumiza. Ndege za Wamarekani zilikuwa nzito, haziwezi kukata kona na Zero, na marubani wetu wakongwe walizichezea kama paka na panya. Kisha Wamarekani wakaacha kukata kona. Wakawa wanashuka wawili wawili kutoka juu kama mwewe, wanapiga, wanapita, wanapanda tena. Ukimfuata mmoja, mwenzake anakata njia kuja kukukabili uso kwa uso, na yule unayemfukuza anakuvuta hadi mbele ya bunduki za mwenzake. Wanapishana hivyo, huku na huku, kama mtu anayesuka nywele, na wewe ndiye unayesukwa.

Walijuaje lini wapishane? Ukai ndiye aliyetuambia. Alikuwa na redio ya ardhini kando ya uwanja, kibanda cha mabati kilichofunikwa na majivu ya mlima wa moto uliokuwa jirani, na humo aliwasikia.

"Wanazungumza," alisema siku moja wakati wa chakula. "Muda wote. Kama wapagazi wanaohamisha kabati. Kulia kidogo, shikilia, haya sasa."

"Wewe unajua Kiingereza?" mtu akamuuliza.

"Sijui hata neno. Lakini mmoja akiita, mwenzake anaitika, na muda huo huo mtu wetu anaanguka. Hilo halihitaji kamusi."

Watu wakaendelea kula. Kwa vijiti vile vile.

Mwezi wa sita akaja Sajini Kizaki Noboru, umri miaka ishirini na moja, kutoka mji wa bandari wa Uwajima. Mama yake aliuza kababu za samaki sokoni, na Kizaki alisema yule mama anaweza kumwita mteja kutoka ng'ambo ya ghuba bila kusimama. Mwana alimrithi. Alizungumza akila, akinyolewa, akiwa chooni. Siku ya pili alikuja kwenye kibanda cha Ukai. Mimi nilikuwa pale nimeleta plagi za kusafisha, maana kazi yangu ilikuwa injini.

"Wewe ndiye fundi wa redio?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana, kaka. Nimesikia huna kazi."

Ukai akamtazama. "Na wewe ndiye rubani mpya wa tatu wa Luteni Matsunobu?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana, kaka. Nimesikia huna maisha."

Kizaki akacheka hadi akashika mlango. Tangu siku hiyo hawakuachana. Na kwa kuwa rubani wa tatu hakuwa mtu wa kujaliwa sana, mzee Gondo alipokuja na msumeno wake, Kizaki alimzuia kwa maneno tu.

"Mzee, huu usiukate. Una mchwa. Ukiukata watahamia kwenye bawa."

"Mchwa gani kwenye ndege?"

"Wa kisiwani kwetu Shikoku. Wakali, wana ari ya jeshi."

Mzee Gondo akateremka akitikisa kichwa. Mlingoti ukabaki. Ulikuwa wa pekee kwenye mstari mzima, umesimama kama mtoto aliyenyoosha mkono darasani na mwalimu anajifanya hamwoni.

Ukai sasa alikuwa na ndege moja ya kujaribia, akalipata lile ambalo wakubwa zake wenye vyeo hawakujisumbua kulitafuta. Injini ikiwa imezimwa, redio ilikuwa safi kama maji. Injini ikiwaka, masikioni palikuwa kama samaki anakaangwa kwenye mafuta. Basi tatizo halikuwa redio. Lilikuwa cheche za plagi zangu, zinazorukia kila kipande cha chuma. Tukaingia kinamasini kulikokuwa na mabaki ya ndege ya Marekani, matope hadi kiunoni, tukafungua injini yake. Kila waya uliokwenda kwenye plagi ulikuwa umevishwa soksi ya chuma iliyosukwa.

Ukai alisimama akiitazama, mbu wakimla. "Wao waya zao zimevaa nguo," alisema. "Za kwetu ziko uchi, halafu tunaulaumu msikiti kwa kelele za soko."

Hapana, hakusema msikiti, alisema hekalu, lakini mmenielewa. Tulizivua zile soksi moja moja. Wiki tatu alizivisha kwenye injini ya Kizaki, na kufunga vipande vya chuma vya ndege kimoja kwa kingine kwa waya wa shaba, vidole vimechanika vyote kumi. Siku ya kujaribu alikaa kibandani na visikilizio masikioni. Ndege ikapanda. Kisha tukaisikia sauti hata sisi tuliosimama mlangoni.

"Fundi! Fundi! Kutoka huku juu upara wako unang'aa, utawaonyesha Wamarekani njia!"

Ukai alilia. Alisema ni majivu ya mlima.

Lakini redio moja ni mwendawazimu anayezungumza peke yake. Ilibidi kiongozi awe na ya pili. Wakati huo Kizaki na Ukai walikuwa wamekwisha panga mambo kwa vijiti juu ya meza: wa tatu akiona adui anaita, kiongozi anakata kulia, wa tatu anakata kushoto, wanapishana kama mkasi, na yeyote anayemfuata mmoja anakutana na bunduki za mwingine. Dawa ya Mmarekani kwa Mmarekani mwenyewe. Kilichokosekana ni ubapa wa pili wa mkasi, na huo alikuwa Luteni Matsunobu.

Ukai akaenda kwake, kofia mkononi. Mimi nilimsindikiza kama fundi wa injini.

"Afande, naomba ruhusa ya kukuwekea redio. Kelele imekwisha."

"Kilo kumi na saba," alisema Luteni bila kuinua macho. "Zero ni upepo. Mnataka kumfunga upepo jiwe? Rubani hodari hupigana kwa macho na moyo."

"Macho ya mgongoni anayo Sajini Kizaki, afande. Anataka tu kuweza kukuambia."

"Wa tatu haniambii mimi. Mimi ndiye ninayemwambia."

Ukai angenyamaza hapo ningempenda zaidi, au labda pungufu. Hakunyamaza. "Afande, huo upanga unaopanda nao una kilo ngapi?"

Maana Luteni aliruka na upanga wa ukoo wake pembeni mwa kiti. Upanga, angani! Sijui alikusudia kukata mawingu. Kofi lilimpata Ukai kabla sijapepesa jicho. Hata hivyo mkuu wa uwanja alikuwa amesikia habari za majaribio, na kwa kuwa alikuwa amepoteza marubani tisa mwezi huo, alitoa amri: redio iwekwe. Mzee Gondo akachonga mlingoti mpya kwa mikono ile ile, akaugundisha. Mimi na Ukai tukazivisha waya nguo. Ardhini, injini ikinguruma, Luteni alivaa visikilizio na kumsikia Kizaki aliyekuwa kwenye ndege ya pembeni.

"Anasikika," alikiri, kwa uso wa mtu aliyemeza nzi. Kisha akamwita Kizaki mbele yetu sote. "Angani mkubwa ndiye anayeanza kusema. Mdogo hufungua mdomo akiulizwa. Umeelewa?"

"Ndiyo, afande. Na adui akinitokea kabla sijaulizwa?"

"Umeelewa?"

"Ndiyo, afande."

Kizaki alipopita karibu yetu alinong'ona, "Nitamwomba Mmarekani asubiri, nijaze fomu kwanza."

Siku yenyewe ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Wamarekani walikuja kwa wingi juu ya ghuba, na Zero zetu zikapanda majivu yakiruka. Ukai alikuwa kibandani na penseli. Mimi nilikuwa mlangoni nikitazama juu, sioni kitu ila michirizi myeupe. Aliandika kila alichosikia, na saa kando yake. Karatasi ile nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisema usingizini.

Saa nne na dakika kumi na mbili: Kiongozi! Nyuma yako, juu, kulia! Wanne!

Saa nne na dakika kumi na mbili, tena: Kiongozi! Nyuma yako, juu, kulia! Wanne! Kata kulia!

Saa nne na dakika kumi na tatu: Kiongozi! Afande, nakuomba! Wanne!

Kisha pumzi tu. Kisha: Haya, mimi nakata.

Akakata kushoto, peke yake, kama walivyopanga kwa vijiti mezani. Mkasi wenye ubapa mmoja. Ukai alikuwa anapiga kelele ndani ya kifaa kwa ile sauti yake ya mbu, "Afande Matsunobu, geuka! Geuka!" na hakuna aliyemjibu. Rubani wa pili alituambia baadaye kwamba wale wanne walimwacha kiongozi wakamgeukia Kizaki aliyewaingia usoni, na kwamba ilichukua muda mfupi kuliko kukunja blanketi. Rubani huyo hakuwa na redio. Aliona moshi tu.

Luteni Matsunobu alitua salama, bawa halina hata tundu. Ukai alikimbia akapanda ndegeni kabla hajashuka vizuri, nami nyuma yake. Visikilizio havikuwa kichwani kwa Luteni wala shingoni. Waya wake ulikuwa umechomolewa, umekunjwa vizuri mizunguko mitano, umefungwa kwa uzi na kuwekwa kwenye mfuko wa ramani. Fundo zuri. La mtu aliyekuwa na nafasi ya kulifunga vizuri, ardhini, kabla ya kuruka. Upanga ulikuwa mahali pake.

Taarifa ya Luteni ilisema hivi: rubani wa tatu hakuwa macho, hakutoa ishara yoyote. Na barua iliyokwenda kwa familia ilipambwa zaidi, kama desturi: alikufa kimya, bila neno, kama impasavyo askari.

Ukai alipeleka karatasi yake. Alisimama wima akaisoma yote, pamoja na saa.

"Karatasi hii haina muhuri," alisema Luteni.

"Haina, afande. Ina maneno."

"Mdogo alikatazwa kusema kabla ya kuulizwa. Ukiieneza hii, unamtangaza Kizaki kuwa alikufa akivunja amri. Ndivyo unavyotaka mama yake asome?"

Mnaliona lile tundu la nyoka? Hakusema chochote, kwa hiyo ni mzembe. Na kama alisema, basi ni mwasi. Nimekutana na wanasheria waliolipia shule miaka saba na hawawezi kufunga mtu hivyo. Makofi matatu yakafuata, na Ukai akapelekwa kuchimba mahandaki hadi mwisho wa vita. Karatasi aliishona ndani ya kofia.

Asubuhi iliyofuata Luteni alimwita mzee Gondo. "Kata mlingoti wangu."

Mzee Gondo akainama hadi nusu. "Msumeno umepotea, afande."

"Tafuta mwingine."

"Yote imepotea, afande. Ajabu sana."

Msumeno ule haukuonekana tena Rabaul. Mimi najua uko wapi. Uko chini ya ghuba, pamoja na vijiti vyote vya kulia tulivyomrudishia siku hiyo hiyo, mmoja mmoja, bila kuambizana. Tukala kwa mwanzi, wali ukatuangukia magotini, na hakuna aliyecheka.

Msiniulize yaliyompata Luteni. Aliishi. Watu wa namna ile huishi. Nasikia hualikwa mashuleni kuzungumza.

Vita vilipokwisha, na meli ikaturudisha, Ukai hakwenda kwanza Gifu. Alikwenda Uwajima, nami nikaenda naye kwa sababu nilihofia sauti yake haitatosha. Nusu ya mji ilikuwa imeungua kwa mabomu. Soko lilikuwa mbao na turubai, lakini mama Kizaki hatukuhitaji kumuuliza mtu. Tulimsikia kutoka stesheni.

"Dagaa! Dagaa wa leo! Wewe mwenye kofia, usipite kama hunijui, njoo!"

Mwenye kofia alikuwa Ukai. Akaja, akainama hadi kifua kikagusa magoti, akajieleza. Yule mama akaacha kisu.

"Rabaul?" alisema. "Basi nyinyi ndio mtakaonisaidia. Barua ilikuja, ile ya jeshi. Wamekosea mtu."

"Mama..."

"Wameandika alikufa kimya. Bila neno!" Akacheka, akatugeukia kama watu wanaojua mzaha huo. "Noboru? Huyo alizaliwa akizungumza, mkunga shahidi yangu. Nikasema, huyu ni Kizaki mwingine, maskini, mtoto wa mtu mpole. Sijawasha hata ubani. Miaka hii yote namngoja wangu. Mwambieni tu kwamba nyumba iliungua, niko sokoni."

Nilitamani kuondoka. Nilimvuta Ukai mkono, nikimaanisha: mwache nao, uongo huu mmoja umlishe, umetula sisi wote. Nami ndiye niliyetukana uongo ule miaka mitatu! Ukai hakunitazama. Alivua kofia, akafumua mshono kwa kucha, akatoa karatasi. Ilikuwa imegeuka kahawia kwa jasho.

"Mama, hawakukosea mtu. Walikosea maneno. Hakufa kimya. Aliita mara tatu."

Akamsomea. Saa nne na dakika kumi na mbili. Saa nne na dakika kumi na mbili, tena. Yule mama alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza, dagaa wakiteleza mmoja mmoja hadi chini. Ukai alipofika kwenye "Haya, mimi nakata," mama akaitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi.

"Huyo ndiye," alisema. "Hilo 'haya' ni lake. Huyo ndiye wangu." Akajifuta uso kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na magamba. "Na hakuna aliyemsikia?"

"Nilimsikia mimi. Nilikuwa chini."

"Na huyo aliyeitwa?"

"Alichomoa waya."

Mama akasema, kwa hasira ambayo sijaisikia kwa jenerali yeyote, "Sema tena. Lakini usiseme kwa hiyo sauti ya mbu. Sema kama alivyosema yeye."

Ukai akajaza kifua, akainua uso, na sijui ile sauti aliitoa wapi, maana hakuwa nayo kabla na hakuwa nayo tena baadaye.

"Kiongozi! Nyuma yako, juu, kulia! Wanne!"

Wauza viazi, wanawake wenye watoto mgongoni, polisi, mzee aliyekuwa akipima chumvi: soko zima liliruka, likageuka nyuma, likatazama juu, kulia.